Jina Lililo Ndani ya Maji

Ngaramtoni, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Loishiye,

Marahaba. Najua umesema shikamoo hata kwa karatasi, maana ndivyo tulivyokulea. Najua pia uko wapi unaposoma haya: hujafika Moshi. Barua nimeiweka chini ya viazi vitamu alivyokufungia mama yako, nikapiga hesabu kwamba kabla hujavuka mto Kikafu utakuwa umekwisha kuvifikia vya chini. Kama umefika Tanga na viazi bado vipo, basi nisamehe, nitakuwa nimemwandikia mtoto wa mtu mwingine.

Sikuandikii habari za nguo, wala za maji ya kunywa, wala za kutogombana na watu kwenye gari la moshi. Hayo mama yako ameyasema kwa mdomo, na yaliyobaki ameyasema kwa macho. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni kibuyu.

Umeona mwenyewe. Tangu juzi kile kibuyu cha punje kinaingia kwenye mzigo wako na kutoka. Wewe unakitia asubuhi. Ukirudi kutoka kuaga watu unakikuta kimepanda tena kwenye rafu juu ya moto. Wewe hukuniuliza, mama yako hakunieleza, nami kama kawaida yangu nikajifanya natafuta kiko changu, na kiko kilikuwa mdomoni. Nyumba nzima ilibishana kwa kibuyu. Leo ubishi umekwisha, na nataka ujue umekwishaje, maana ndani ya kibuyu kile mna jina la dada yako. Chuoni huko Tanga wamekwisha kukuambia kwamba asubuhi utafundisha wadogo. Utakapoziweka zile punje mezani, mtoto mmoja atashika ile nyekundu akuulize, "Mwalimu, hii inaitwaje?" Nataka uwe na jibu. Mimi nilisimama mbele ya swali hilo nikiwa na ndevu na chaki, nikakosa jibu.

Nakuandikia kwa Kiswahili, na najua utacheka, maana nyumbani tunasema Kimaa hata na mbuzi. Lakini kwa Kimaa aliyekufa hatajwi. Ulimi wangu unajua hivyo kabla yangu. Ukikaribia jina unageuka wenyewe, kama ng'ombe anayekataa daraja. Kiswahili nilikiokota nikiwa mtu mzima, kwenye chokaa, na hakijui mila zetu. Kinaniacha nikaribie. Hata hivyo jina lenyewe sitaliandika hapa, usiogope.

Nianze na chokaa, maana kila ujinga wangu ulianzia huko.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinishika kiganja cha kulia na kuuliza kwa nini hakina mistari. Nilikuambia nilizaliwa hivyo kwa sababu Mungu hakuwa na la kuandika juu yangu. Ukweli ni huu. Siku za kujenga boma la Wadachi pale Arusha walikusanya vijana wa kubeba mawe, nami nilikuwa miongoni mwao. Mkuki sikuuweza, ng'ombe walinitoroka mchana kweupe, kwa hiyo hakuna aliyepinga nilipochukuliwa. Nadhani baba yangu alishukuru kimoyomoyo. Niliwekwa chini ya fundi wa chokaa, mtu wa pwani, mnene, mwenye matusi matamu. Tulichoma mawe siku nyingi mpaka yakawa mepesi na meupe. Akaniambia, "Wewe Mwarusha, jiwe hili sasa lina kiu. Usiliguse kwa mkono wenye maji." Mimi nikadhani ananifanyia mzaha wa mgeni. Nikachovya mkono ndooni, nikalishika.

Jiwe lile lilichemka kiganjani mwangu, na hapakuwa na moto popote. Nililia kwa Kimaa, fundi akacheka kwa Kiswahili, halafu akanipaka mafuta huku akinifuta machozi kwa kilemba chake. Usiku ule sikulala kwa maumivu, lakini kulikuwa na kitu kingine pia. Nilijiuliza moto ule ulikuwa umejificha wapi. Jiwe lilikuwa baridi, maji yalikuwa baridi. Nani alikuwa ndani?

Ndipo, miaka ikapita, nikaja kubatizwa na kuwa mwalimu msaidizi wa shule yetu ya udongo hapa juu ya soko. Wewe ulimkuta Bwana Miwani bado yupo, yule kijana wa Kidachi aliyekuwa akijigonga kila mlango wa nyumba zetu, na kila akijigonga anauomba mlango radhi. Alikuja na sanduku la mipira ya mti, iliyopakwa rangi, yenye matundu, na vijiti vya kuiunga. Akaniambia hilo ni somo la kemia. Akasema kila kitu duniani kimeundwa kwa vijipande vidogo visivyoonekana, na kila kijipande kina idadi yake ya mikono. Hiki kina mkono mmoja, hiki miwili, hiki minne. Vikishikana hivi vinakuwa maji. Vikishikana vile vinakuwa moshi wa mkaa. Nikatazama kiganja changu. Nikasema moyoni, kumbe ndio waliokuwa ndani.

Bwana Miwani alihamishwa, sanduku likaondoka naye. Mimi nikabaki na somo bila mipira. Basi nikaingia jikoni kwa mama yako.

Nilichukua punje za mahindi meupe: hizo mkono mmoja. Nilichukua maharage mekundu: hayo mikono miwili. Nilichukua ngwara nyeusi, ndugu za maharage: hizo ndizo mkaa, mikono minne. Tuliziloweka ziwe laini, tukaunga kwa miiba ya mgunga, na kila mtoto akawa ameshika maji mkononi mwake, haragwe moja katikati na mahindi mawili pembeni; ngwara moja kati ya maharage mawili ukawa moshi wa mkaa. Mama yako alisema, "Wenzako wanafundisha kusoma, wewe unafundisha makande." Hakukosea sana. Siku ya kwanza mbuzi waliingia darasani wakala moshi wote wa mkaa. Siku ya pili Lomayani, mtoto wa jirani, alichoma maji yake kwenye makaa akayatafuna, akasema hayana chumvi. Na tulipoyasahau maji yetu kwenye kibuyu mwisho wa juma, Jumatatu tukayakuta yameota mizizi. Darasa zima lilicheka mpaka likalia.

Kosa langu lilikuwa majina.

Yale majina ya Kidachi watoto hawakuyaweza. Lile la ile hewa inayowasha moto, ile tunayoivuta, lilisikika kama mtu anayetema mbegu ya chungwa, na wakilitamka walitemeana kweli. Kimaa hakina neno lake. Kiswahili cha fundi wa chokaa hakikuwa nalo. Nikaona nina akili kuliko Wadachi wote: nikazipa punje majina ya watoto wa darasa. Ngwara, yenye mikono minne, nikaiita Lomayani, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa kila akiwa karibu na chakula. Mahindi, mepesi kuliko vyote, yasiyotulia, yanayotaka kushikwa na kila mtu, nikayaita Loishiye. Usinune. Ulikuwa hujaota meno ya mbele na ulikuwa ukijipenyeza darasani kabla ya umri wako.

Na ile nyekundu, inayowasha moto, inayoingia kila mahali, isiyokaa peke yake hata kidogo, nikaipa jina la dada yako. Hapakuwa na mwingine wa kufaa. Unakumbuka alivyokuwa? Akiingia nyumbani hata moto ulionekana kukaa wima. Kwa hiyo maji yakawa dada yako katikati, na wewe mara mbili pembeni, maana wewe mmoja hukuwahi kumtosha. Tulitoka nje tukayacheza kwa miili yetu: yeye anasimama na mikono miwili wazi, wewe unakimbia kuushika mmoja, mtoto mwingine mdogo anakuwa Loishiye wa pili, na darasa linapiga kelele, "Maji!" Akina mama waliokuwa wakienda sokoni walisimama kutazama. Walifikiri tunaomba mvua.

Siku moja niliwaletea chokaa. Nilikoroga kwenye maji, nikaacha ikatuama, nikamimina yale maji safi ya juu ndani ya chupa aliyoiacha Bwana Miwani. Nikampa dada yako utete, nikamwambia apulize. Alipuliza. Maji yakaanza kuwa meupe, meupe kabisa. Akautoa utete mdomoni, macho yamemtoka.

"Baba! Nimekamua maziwa kwa pumzi!"

"Pumzi yako ina moshi wa mkaa ndani yake," nikamwambia, "na chokaa inaukamata."

"Kwa hiyo kwenye pumzi yangu yumo Lomayani?"

"Yumo katikati, na wewe pande zote mbili."

"Toka mdomoni mwangu, wewe!" akampigia kelele Lomayani, na Lomayani akajibu kutoka nyuma kwamba kwanza kunanuka vitunguu.

Niliiziba chupa ile kwa gunzi na nta, niwaonyeshe wengine. Ule weupe ulishuka polepole ukalala chini.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka mlimani na kukaa migombani mpaka saa sita mchana. Dada yako alishikwa na kichomi. Hilo unalijua, usilolijua ni neno moja alilonisemea, maana ulikuwa umepelekwa kwa shangazi. Nilikuwa nimemwegemeza kifuani ili apate pumzi. Alikuwa anaivuta kwa bega, kwa shingo, kwa kila kitu. Akanitazama na lile jicho lake la kunitania, akasema kwa vipande vipande, "Baba, si mimi ndiye hewa? Mbona sijitoshi?"

Nikacheka, mwanangu. Alitaka nicheke, nikacheka. Na bibi yako, koko, alikuwa ameketi upande wa pili wa moto, akasikia.

Baada ya kumzika, koko hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Aliniambia taratibu, akiwa anachambua mboga, "Jina la mtu ni kamba anayofungiwa nayo hapa. Wewe ulilifungua ukalitupa hewani. Hewa imevuta." Halafu akaendelea na mboga zake. Nimesoma vitabu, Loishiye, nimesimama mbele ya madhabahu, na ninajua kichomi huja na baridi na hakiji na majina. Nilijua hivyo siku ile. Lakini kuna vitu mtu anavijua kichwani, na kuna kile anachokisikia akiwa peke yake shambani, upepo ukipita kwenye majani ya migomba. Mimi mpaka leo upepo ukivuma namgeukia mtu.

Nilirudi shuleni. Kibuyu kilikuwa pale nilipokiacha, na ndani yake zile punje tulizoloweka kabla hajaugua. Zilikuwa zimeota zote. Mizizi ya mahindi ilikuwa imejisokota kwenye maharage, maharage kwenye ngwara, hazikuachana hata nilipozitikisa. Safari ile hakuna aliyecheka.

Na sasa ona nilivyojifunga. Hapa kwetu aliyekufa hatajwi. Mwenye jina kama lake hubadilishiwa. Mama yako alibadilika kwa siku moja: jana aliitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, leo akawa Mama Loishiye, nami Baba Loishiye, na watu walitusalimu kwa majina hayo mapya kwa upole sana, kama wanaotuvisha nguo ya kuazima. Lakini mimi nilikuwa nimeliweka lile jina mahali ambapo haliwezi kutolewa. Nilikuwa nimelitia kwenye maji. Nimelitia kwenye moto, kwenye kutu ya jembe, kwenye pumzi ya kila mtoto. Nikauliza darasani, "Moto unahitaji nini ili uwake?" na watoto wote, waliokuwa wakilijibu hilo kwa kelele, wakatazama miguu yao. Walijua jibu. Hawakuweza kulisema.

Nikajaribu kuwa mjanja mara ya pili. Nikasema ile nyekundu tutaiita kwa jina la binti mwingine, mtoto wa mzee mmoja wa huku chini. Kesho yake asubuhi baba yake alikuwa mlangoni na rungu, hata salamu hakutoa.

"Mwalimu, nasikia unatafuta mwingine."

"Ni jina tu, mzee wangu. La somo."

"La kwanza nalo lilikuwa la somo?"

Nilimsogezea kigoda, hakukaa.

"Mwanangu ana jina moja," akasema. "Analitumia."

Akaondoka. Alikuwa na haki, nami sikumchukia, ila niliiweka chaki chini na sikuliokota tena lile somo. Nilifundisha hesabu. Nilifundisha ramani za nchi ambazo sitaziona. Kama kuna kitu cha kukuambia kutokana na hayo, ni kidogo tu: usimwazime mtoto jina lake bila kumwuliza yeye na wazazi wake. Na ukikosea, usikimbilie kuziba pengo kwa mtoto wa mwenzio. Nilimtisha mtu mzima na binti yake kwa sababu sikuweza kuvumilia kimya cha darasa langu mwenyewe.

Lakini nyinyi watoto mliendelea, mkidhani sioni. Wakati wa mapumziko, nyuma ya shule, mlicheza maji. Nilikuwa dirishani. Yule mdogo mwenzio alisimama upande mmoja na wewe upande mwingine, na katikati mliacha nafasi. Hakuna aliyeingia. Ulisimama umenyoosha mkono wako, vidole vimekunjwa hivi, kama umeshika mkono wa mtu. Wala hukucheza muda mrefu. Ulikuja darasani ukaniita mwalimu, ulivyofundishwa, wala hukuniita baba.

"Mwalimu, kama hatumtaji, maji yanashikana na nini?"

Nilikuambia ukakae. Hilo ndilo jibu nililokupa. Umekua, umenipita urefu, unanyoa ndevu ambazo hazijaota, na hujauliza tena. Nami nimekaa na swali lako miaka yote hii kama mwiba uliokatikia ndani: hauumi ukikaa kimya, unauma ukiguswa tu.

Sasa nikuambie ya leo.

Mchana ulipokwenda Kijenge kumuaga shangazi, nilimkuta mama yako akisafisha vibuyu vya maziwa. Unamjua anavyofanya, anachukua kijinga cha mti wa oloirien kilichowaka, anakizungusha ndani ya kibuyu mpaka kibuyu kinukie. Kile cha punje kilikuwa pembeni yake, kimetolewa mzigoni tena. Nikakaa. Nikatafuta kiko. Akasema bila kuinua uso, "Kiko kiko mdomoni, Baba Loishiye."

"Mpe mtoto kibuyu," nikasema.

"Kikiibiwa njiani? Kikianguka mtoni?"

"Ni maharage, mama. Yapo mengi."

Akakizungusha kijinga muda mrefu. Halafu akauliza neno ambalo katika miaka yote hakuwahi kuniuliza, nami kwa aibu yangu sikuwahi kumwambia.

"Yake ni ipi?"

Mimi ndiye mwalimu. Nimewafundisha watoto wa kila mtu. Mwanamke ambaye kutoka jikoni kwake nilichukua punje zote hizi hakuwahi kufundishwa. Nikakifungua kibuyu, nikazimwaga punje kiganjani mwake, nikaichukua ile nyekundu nikaitenga. Akaishika kwa vidole viwili. Akauliza kama yumo kwenye moto ule. Nikasema moto hauwaki bila yeye. Akauliza kama yumo kwenye mtungi. Nikachukua haragwe na mahindi mawili, nikayapanga juu ya ngozi: yeye hapa, Loishiye huku, Loishiye huku. Akayatazama. Akayasogeza mahindi kwa ukucha yakawa karibu zaidi na haragwe, kama anavyowafunika watoto waliolala.

"Nikimpa kibuyu, kwangu kinabaki nini?" akasema. "Jina silitaji. Kaburi mvua imelisawazisha."

Basi nikaenda nyuma ya sanduku la vitabu nikaitoa chupa. Ndiyo, bado ipo. Niliificha kwa sababu niliogopa koko angesema nimemfunga mtoto chupani, na baada ya koko kufariki niliogopa kwamba ni kweli. Nta imekuwa nyeusi lakini gunzi limeshika. Nikampa.

"Nini hii?"

"Alipuliza humu. Ule weupe chini ni pumzi yake, imeshikana na chokaa. Haikutoka."

Hakulia. Aliitikisa kidogo, na maji yakawa meupe kama siku ile, meupe kabisa, mbele ya uso wake. Akasubiri. Weupe ukashuka, ukalala. Akaitikisa tena.

"Na Lomayani naye yumo," nikasema, maana siwezi kuacha kitu kikawa kizito bila kukichokoza.

"Huyo hakosi," akasema mama yako, na akacheka, Loishiye. Halafu akauliza, "Hao watoto wa Tanga wanamjua?"

"Watamjulia wapi?"

"Basi kwao hajafa." Aliisimamisha chupa kati ya vibuyu vya maziwa, mahali pa juu, moshi usipofika. "Kwao ni jina tu. Watalitaja?"

"Kila siku. Watalipigia kelele."

Akarudisha punje kibuyuni, akizihesabu kwa vidole kana kwamba anapanda, akakifunga mdomo kwa ngozi, na akakitia kwenye mzigo wako kwa mkono wake mwenyewe, chini kabisa, chini ya blanketi. Hukukiona uliporudi. Ulidhani kimetolewa tena, nikaona unavyokaza taya, nami sikukuambia. Nilitaka ukikute huko mbali. Chimba chini ya blanketi.

Sasa jibu lako, mwanangu, na nisamehe limechelewa mpaka umeota bega la mwanaume. Uliuliza kama hatumtaji, maji yanashikana na nini. Yanashikana naye. Yalikuwa yameshikana naye siku zote, hata siku ile nyuma ya shule. Sisi ndio tulioachia.

Hapa kwetu sitalitaja, wala wewe ukirudi usilitaje. Nyumba hii ina mila zake na mimi ni mtu wake. Lakini huko Tanga, mtoto akiokota ile nyekundu na kukuuliza inaitwaje, mwambie. Liseme wazi, kwa sauti, kama neno la kawaida. Usieleze ni la nani. Waache wakosee kulitamka. Wakisema Wadachi wana neno lao, wafundishe na hilo pia. Litawatemesha mate, watafurahi. Ila la kwanza liwe lake. Nataka nikiwa hapa, ukungu ukishuka na upepo ukipita migombani nami nikamgeukia mtu, nijue kwamba saa hiyohiyo mahali fulani watoto wanalipigia kelele bila kuogopa, na hakuna anayetazama miguu yake.

Na watoe nje wacheze maji. Katikati asimame mtoto anayekubali mwenyewe, mwulize kwanza. Ukiona wamepungukiwa mtu wa pembeni, usimtafute mwingine. Ni nafasi yako. Wewe simama, mwalimu mzima, unyooshe mkono kama siku ile.

Safari hii utashikwa.

Ni mimi, Baba Loishiye, na kabla ya jina hilo, baba yake yeye.